Kungwi wa ujana tulikuwa naye, wa uzeeni yuko wapi? (Uzi kwa wanandoa wa miaka 50 kwenda juu)

#1 Mwalimu Mstaafu

Wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni mama wa miaka 63, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Tanga na mume wangu mwenye miaka 69. Tulioana 1984. Humu huwa nasoma tu. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita jirani yangu wa miaka 54 aliniambia, tukiwa tunachambua mchicha barazani, kwamba yeye ameshamstaafisha mumewe. Chumba amemwachia, yeye analala na wajukuu. Alilisema kwa fahari kabisa, kama mtu aliyerudi Hija. Sikumjibu. Usiku nikakosa usingizi, maana alilofanya yeye mimi nililifanya kabla yake, na miaka minne ilinipotea.

Kabla sijaolewa niliwekwa ndani siku saba. Kungwi wangu, Mungu amrehemu, alinifundisha mengi: singo, kufukiza nguo kwa udi, kumpokea mume anaporudi amechoka, kujua siku ya kunyamaza na siku ya kusema. Yapo mengine siwezi kuyaandika hapa. Ila hakuniambia, hata kwa fumbo, kwamba mwanangu, iko siku mwili wako utakauka na wa mumeo utachelewa, na siku hiyo ikifika mfanye hivi. Nilipofikia umri huo nilikuwa mwari tena, na safari hii sikuwa na wa kunifunda.

Hedhi ilikoma nikiwa na miaka 51. Mwaka huohuo binti yetu mkubwa alijifungua, akaja kwetu kukaa arobaini. Nikahamia chumbani kwake nimsaidie na mtoto usiku. Arobaini ikaisha, akarudi kwa mumewe. Mtoto alipoachishwa ziwa akaletwa kwangu, akawa analala na mimi. Basi, sikurudi chumbani.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilisifiwa! Shangazi yangu alinishika mkono akasema, "Sasa umekuwa mtu mzima." Tumelelewa tukijua ni aibu mama kubeba mimba wakati binti yake naye ananyonyesha. Hiyo aibu niliibeba hadi umri ambao kizazi kilikuwa kimeshafunga. Mimba haikuwezekana tena, aibu ikabaki.

Mume wangu hakuuliza kitu. Akawa anachelewa kurudi kutoka kwenye bao, akifika anakuta chakula kimefunikwa, anakula, anaingia kwake. Hatukugombana hata siku moja, na watu wakatuona tumetulia.

Kilichonirudisha ni kidonda. Alikutwa na kisukari, na siku moja kliniki wakaona jeraha chini ya kisigino ambalo mwenyewe hakulisikia kabisa. Mhudumu akaniita pembeni. Kila jioni, mama, miguu ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, ikaushwe vizuri hadi katikati ya vidole, ipakwe mafuta lakini si katikati ya vidole, halafu ukague nyayo kwa mwanga mzuri. Yeye hawezi kuziona mwenyewe. Ni kazi yako.

Jioni ile nikaweka kigoda mbele ya kiti chake, beseni, khanga moja kuukuu ya kufutia, na tochi ya simu. Nikaupakata mguu wake. Ulikuwa mzito, kisigino kimekauka hadi kimepasuka kama udongo wa kiangazi. Juu ya kidole gumba palikuwa na kovu la jembe alilolipata 1987 tukilima muhogo kwao, na mimi ndiye niliyelifunga siku ile kwa kitambaa. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikapaka mafuta ya nazi taratibu, kidole kwa kidole. Nilipoinua macho nikakuta machozi yanamtoka.

Akasema, "Nilidhani umenichoka."

Nikamwambia, "Nilidhani tumeshazeeka."

Ndio mazungumzo yenyewe. Miaka minne ilikuwa imezibwa na maneno hayo mawili tu.

Nauliza kwa nia njema: nyinyi mlifundishwa nini kuhusu ndoa ya uzeeni? Na kama hamkufundishwa, mliyaokota wapi mnayoyaamini?

#2 Kijana wa Mbagala

Shikamoo mama. Nimesoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Mama yangu ana miaka 58, analala na wanangu wawili tangu 2019, na mimi ndiye niliyepanga iwe hivyo kwa sababu nyumba ina vyumba vitatu. Sijawahi kujiuliza baba anaonaje. Nafuatilia uzi.

#3 Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Endelea kufuatilia.

#4 Abuu Twalib

Shikamoo bi mkubwa. Kwa heshima zote, haya ni mambo ya faragha. Uzee ni wakati wa ibada na kujiandaa na safari. Wazee wetu waliishi kwa staha, hawakuanika ya chumbani mbele za watu. Mtu mwenye wajukuu akianza habari za unyumba, vijana watamheshimu vipi?

#5 Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo lililokuwa likinitafuna, kwa hiyo nalijibu kwa moyo.

Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 187, inawaita mume na mke nguo, kila mmoja kwa mwenzake. Kwenye ile aya sikuona umri wa kuivua. Na nguo kazi zake ni nyingi: inasitiri, inatia joto, inapamba. Mtu wa miaka 70 anasikia baridi kuliko kijana. Kwa wenzetu Wakristo, Paulo aliwaandikia Wakorintho wasinyimane ila kwa kupatana na kwa muda. Naye hakuweka mwisho.

Staha naijua, nimefundisha watoto miaka 36. Sijaeleza ya chumbani kwangu, nimeeleza miguu. Lakini staha inayomfanya mke amwogope mume wake wa ndoa kwa sababu ana wajukuu, hiyo nimeikagua upande wa dini sikuipata. Nimeipata kwa majirani.

#6 Nesi wa Zamu

Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya magonjwa sugu, presha na kisukari, mwaka wa 14 sasa. Naomba niandike kwa kirefu kidogo, kwa sababu haya mambo wagonjwa huyasema wakiwa wameshashika kitasa cha mlango, wanatoka.

Kwa wanawake. Hedhi hukoma kwa wengi kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inashuka, na ukuta wa uke unakuwa mwembamba na mkavu. Tendo linauma, wengine wanapata na maambukizi ya mkojo mara kwa mara. Mama akishaumia mara tatu, mwili unajikunja wenyewe kabla hajaguswa. Mume anasema hanitaki, mke anasema nimekwisha. Hakuna kati yao aliyesema ukweli, kwa sababu ukweli ni ukavu, na ukavu una tiba. Vilainishi vya maji vinauzwa famasi. Ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, ila hiyo lazima daktari akuandikie, hasa kama umewahi kuugua saratani ya matiti. Mafuta ya nazi wengi wanatumia, lakini mjue mafuta ya aina yoyote yanaharibu kondomu za mpira.

Kwa wanaume. Nguvu za kiume ni habari ya mishipa ya damu kabla haijawa habari ya umri. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo sukari, presha na sigara zikianza kuziba mabomba, pale chini ndipo panapotangulia kuonyesha. Kuna wanaume ambao dalili hiyo ilikuja miaka miwili mitatu au zaidi kabla ya shambulio la moyo. Mzee anayenyamaza kwa aibu anaficha kengele ya hatari. Baadhi ya dawa za presha nazo zinapunguza nguvu. Msiziache! Njooni mseme, dawa inaweza kubadilishwa.

Waliowahi kuugua moyo huniuliza kama tendo litawaua. Kipimo tunachotumia ni rahisi: kama unapanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala kuishiwa pumzi, kwa wengi hakuna shida. Kama hupandi, zungumza na daktari kwanza.

Na jambo moja linaloniuma. Wenzetu wa afya tunachangia tatizo hili. Mwaka 2007 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa daktari Stacy Lindau na wenzake, waliowahoji Wamarekani 3,005 wa miaka 57 hadi 85. Kwa wale wa 57 hadi 64, asilimia 73 walikuwa wamekutana kimwili na mtu ndani ya mwaka ule. 65 hadi 74, asilimia 53. Na wale wa 75 hadi 85, asilimia 26. Yaani mtu mmoja kati ya wanne, na umri huo! Lakini waliowahi kulizungumza na daktari tangu watimize miaka 50 walikuwa asilimia 38 ya wanaume na asilimia 22 tu ya wanawake. Na hao ni Wamarekani, watu wanaosema. Mimi katika miaka yangu 14 kina mama wa zaidi ya miaka 60 walioniuliza wenyewe, bila mimi kuanza, nawahesabu kwa vidole.

#7 Mama Zawadi

Nesi umenigusa. Mimi niliuliza. Nilikuwa na miaka 57, nikaenda kituo kimoja cha afya (sitakitaja), nikamwambia dada wa mapokezi wa chumba cha ushauri kwamba nikikutana na mume wangu naumia. Akanitazama usoni akacheka. "Mama, na umri huu bado?" Akamwita na mwenzake asikie. Nikachukua kadi yangu nikatoka. Leo nina 61, sijaenda tena kuuliza kwa mtu yeyote, na mume wangu nilimwambia nina vidonda vya tumbo.

#8 Nesi wa Zamu

Mama Zawadi, shikamoo, na pole sana. Kwa niaba ya taaluma yangu naomba unisamehe. Yule dada alikosea. Nimekutumia ujumbe wa faragha, naomba unijibu. Huna vidonda vya tumbo na huna sababu ya kuendelea kuumia.

#9 Mzee wa Ruvu

Nimesita sana, lakini mwalimu ametutangulia, basi na mimi niseme kama mwanaume.

Nilistaafu nikiwa na miaka 60 kamili, 2017. Ofisini nilikuwa mtu wa kuamkiwa kuanzia getini. Jumatatu ya kwanza nyumbani nilivaa suruali ya kazini, nikakaa sebuleni hadi saa nne sijui niende wapi. Mke wangu akapita na fagio akaniambia niinue miguu. Hakuwa na neno baya, anafagia tu. Ila mimi nilisikia kama nimekuwa kiti.

Usiku wa wiki ile nikashindwa. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikasema kichwani, ndiyo basi, uzee umefika, kazi imeondoka na uanaume umefuata. Sikumwambia mke wangu. Nikaanza kutafuta: supu ya pweza jioni, alkasusu, karanga mbichi na nazi. Mwisho nikanunua vumbi la Kongo kwa kijana mmoja anayepitisha kwenye mfuko. Usiku ule moyo ulienda mbio hadi nikamwamsha mke wangu nikidhani nakufa. Aliponihoji ndipo nikasema yote, nikitetemeka, saa nane za usiku.

Alichonijibu sitakisahau. "Kumbe ni hilo tu? Mimi nikadhani una mwanamke."

Miezi mitano tumekaa kila mtu na hofu yake kitandani. Nilipopima nikakutwa na presha 170 kwa 100. Sasa natumia dawa, natembea asubuhi hadi reli na kurudi. Hali haijawa kama ya miaka 35, na sijaiomba iwe. Tunaanza mapema, hatuna haraka, siku nyingine tunaishia kwenye mazungumzo na ni sawa. Zamani nilikuwa sijui kwamba mke wangu anapenda kukunwa mgongo. Miaka 38 ya ndoa! Nilikuwa na haraka sana.

#10 Nesi wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo, asante kwa ujasiri. Wengine msome hapo vizuri. Baadhi ya unga na mitishamba ya mtaani, zilipopimwa maabara nchi mbalimbali, zimekutwa zimechanganywa na sildenafili kimyakimya, dawa ileile ya hospitali ya nguvu za kiume iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ila bila kipimo. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akichanganya na hiyo, presha inaporomoka ghafla na anaweza kufa. Sisemi dawa ni mbaya. Nasema iandikwe na anayejua unatumia nini kingine.

#11 Mtoto wa Bariadi

Nimesoma hadi hapa nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama.

Kwetu Usukumani, mnajua, bibi mwenye macho mekundu alikuwa hana amani. Macho yenyewe yamewiva kwa moshi wa kupikia samadi na kuni miaka hamsini, lakini yakageuzwa ushahidi wa uchawi, na kina bibi wameuawa kwa mapanga kwa sababu hiyo. Bibi yangu alikuwa anaosha macho kwa maji baridi kila asubuhi kabla hajatoka nje, na wageni wakija anatazama chini. Babu alikuwa hai na walipendana, lakini nakumbuka alianza kulala jikoni, akisema hataki babu aamke aone uso wake kwanza kabla haujanawa. Nilikuwa mtoto, nikadhani ni mila.

Sasa najiuliza mwanamke atajiachia vipi mbele ya mume kama uzee wenyewe usoni mwake ni kesi?

#12 Ustawi Dar

Mtoto wa Bariadi, swali lako ndilo ninalolifanyia kazi, nipo ustawi wa jamii.

Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Becca Levy. Anasema mawazo kuhusu uzee tunayanywa tangu utotoni, wakati hayatuhusu. Mtoto anacheka kikongwe, anaimba, anaigiza mgongo uliopinda. Hana sababu ya kujitetea kwa sababu yeye si mzee. Miaka hamsini baadaye yale mawazo yanamgeukia mwenyewe, na yanamkuta ameshayaamini. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 660 wa mji mdogo wa Oxford, jimbo la Ohio, waliokuwa na miaka 50 na zaidi. Waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya wale waliouona kwa jicho baya.

Upande wa chumbani nako wapo waliotazama. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichukua taarifa za Wamarekani wa makamo na wazee waliohojiwa mara mbili kwa tofauti ya miaka kama kumi. Waliojisikia wazee kuliko umri wao ndio hamu yao ilipungua zaidi, na ndio walioyaona maisha yao ya unyumba kuwa yamepoa.

Sasa rudini kwetu. Sisi tuna maneno gani? Mzee akimshika mkewe mkono barabarani ni "mtu mzima ovyo". Bibi akijipaka wanja anaambiwa anatafuta nini. Tuna "ng'ombe hazeeki maini", lakini tunaisema tukimcheka mzee anayemfuata msichana, hatuisemi kwa mzee anayempenda mkewe aliyeishi naye miaka arobaini. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, ambayo ni jambo jema, uzee imeuweka kuanzia miaka 60. Tukikaa kwenye mikutano ya wazee tunaongea matibabu bure, dirisha la wazee, pensheni, ulinzi dhidi ya mauaji. Yote ya lazima. Ila sijawahi kukaa kwenye mkutano ambao mtu aliuliza wazee hawa wanalala na nani.

#13 Bint Kisauni

Asalaam alaykum. Mie niko Mombasa. Mwalimu umezungumza wenye waume, naomba nizungumze wajane.

Mama yangu alifiwa akiwa na miaka 59. Alipofika 63 akaja mzee mmoja, mjane vilevile, jirani wa zamani, kumposa kwa heshima zote. Sisi watoto tukakutana. Ndugu yangu mkubwa akasema mama atatutia aibu. Mie nikasema, wallahi najuta hadi leo, "Mama, unatafuta nini tena?" Mama akanyamaza. Yule mzee naye nyumbani kwake kulikuwa na kikao kama chetu. Wanawe walikuwa wakihesabu mirathi, maana mke akifiwa na mume mwenye watoto ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, na thumni ya nyumba ya Mji wa Kale si kitu kidogo.

Posa ikavunjika. Mama akaishi miaka sita baada ya hapo. Jioni alikuwa akikaa dirishani na kikombe kimoja cha kahawa. Siku moja nikamuuliza angependa nini. Akasema, "Mtu wa kuniuliza nimelalaje."

Hakuwa akitafuta lile tulilokuwa tukilidhani. Na hata kama angekuwa akilitafuta, lilikuwa haki yake. Mwenye mama mjane amsikilize.

#14 Abuu Twalib

Bint Kisauni, Allah amrehemu mama. Mimi niliyeandika juu kule. Baba yangu ana miaka 74, mama alifariki miaka miwili iliyopita. Kuna jambo ametuambia mwezi uliopita na nilimkatia kauli. Nitamwendea kesho baada ya alfajiri.

#15 Nimepumzika

Mnisamehe, mimi nina neno tofauti na sitaki lipotee humu.

Nilihama chumba nikiwa na miaka 55 na sijuti. Mume wangu alinipiga tukiwa vijana, akawa na nyumba ndogo mbili tukiwa watu wazima, na alipoishiwa fedha akarudi kwangu akitaka apokewe. Uzee ulinipa ruhusa ambayo ujana ulininyima. Nilisema "sisi sasa ni wazee" na kila mtu akanielewa, hakuna aliyeniuliza swali. Kwangu lile neno lilikuwa mlango. Msije mkawaambia wanawake wote warudi.

#16 Mwalimu Mstaafu

Dada yangu, nimekusoma mara tatu. Asante kwa kulisema.

Sina neno la kukurudisha, na asije mtu akautumia uzi huu kukurudisha. Wewe ulihama kwa sababu unayoijua. Mimi nilihama bila sababu yoyote ila umri, na mume wangu hakuwa amenikosea. Nilikuwa na rafiki mle ndani nikamfungia mlango kwa sababu majirani walisema muda wa kufunga umefika. Kama mwanamke anataka kupumzika na apumzike, ila asilazimike kuusingizia uzee. Inaniuma kwamba ulihitaji kufikisha miaka 55 ndipo "sitaki" yako isikike.

Wengi mmeniandikia pembeni mkiuliza tulirudije, maana kilio cha siku moja hakirudishi miaka minne. Niseme kwa kifupi. Miguu tuliiosha kila jioni kwa wiki kama sita kabla sijalala kule. Kidonda kilikuwa kinafunga polepole na sisi tukawa tunazungumza, kwanza habari za watoto, halafu za zamani, halafu zetu. Siku moja aliniambia nikae yeye anioshe mimi. Nilikataa, niliona haya, miguu yangu ina mishipa imetokeza na magoti yamevimba. Akasema, "Mbona yangu umeiona?" Nikakaa. Alikuwa na mikono mizito, maji yakamwagika sakafuni kote, na mimi nikawa namwangalia utosi wake, nywele zimekwisha katikati. Nikamwona mzuri. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye naye anaona haya.

Ukavu niliupata kama Nesi alivyoeleza. Nilikwenda na mume wangu kwa daktari, mtu wa makamo, hakucheka. Dakika kumi zilitosha.

Na jirani yangu wa mchicha nimezungumza naye juzi. Sikumhubiria. Nilimuuliza tu, "Mzee analalaje siku hizi?" Akasema hajui. Akarudia, hajui. Tukaendelea kuchambua.

#17 Somo wa Pangani

Mwalimu, mimi ni kungwi, nafunda wari hadi leo. Nimesomewa uzi huu na mjukuu. Ni kweli, hatusemi ya uzeeni. Sisi wenyewe hatukuambiwa. Bi Kidude wa Unguja alipiga ngoma ya unyago hadi uzeeni, mwili umekongoroka, na watu walimsikiliza kwa sababu alikuwa mzee. Basi mzee akifunda vijana inakubalika, ila mzee akifunda wazee hatuna siku wala ngoma yake. Mwezi ujao nina mwari, na mama zake wote watakuwepo ukumbini. Nitawabakiza baada ya kumtoa mwari. Wewe Nesi kama uko karibu uje.

#18 Nesi wa Zamu

Shikamoo bibi. Nitakuja. Nitaleta na vilainishi.

#19 Kijana wa Mbagala

Narudi kutoa mrejesho.

Jumamosi nimenunua dabodeka kwa fundi wa jirani, watoto nimewahamishia chumba cha nyuma tulichokuwa tunaweka magunia ya mkaa. Nimekipaka chokaa mwenyewe. Mama alikuwa amesimama mlangoni anatazama, hakuuliza kitu. Saa tatu usiku akachukua mto wake na khanga ya kujifunika, akapita sebuleni mbele yetu, akaingia kwa baba. Baba alikuwa anasikiliza redio. Akaipunguza sauti.

Nesi, baba ana presha na mama ana maumivu ya magoti, na baada ya kusoma humu nadhani kuna mengine hawajasema. Niwalete lini?

#20 Nesi wa Zamu

Jumanne asubuhi, kabla ya saa mbili. Baba aje na dawa zake zote ndani ya mfuko, hata zile ambazo hakuandikiwa hospitali. Mama aje naye, waingie pamoja. Wewe ubaki nje kwenye benchi.